Mji Uliojaa Maswali

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa pili kliniki kupimwa uzito, na muuguzi akanikabidhi kadi mpya. Ilikuwa ingali na harufu ya karatasi nzito iliyotoka kufunguliwa, harufu kavu iliyochanganyika na dawa ya kusafishia sakafu. "Ihifadhi vizuri, mama," akaniambia. Nikaitikia, nikatoka nje, nikaketi kwenye benchi na mtoto mapajani, na kwa muda nikashindwa kuinuka. Mama mmoja aliyekuwa karibu alidhani joto limenizidi, akanipepea kwa leso yake. Nilimshukuru tu. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa nimekumbuka kadi nyingine, ya kwangu mwenyewe, niliyoichana kwa mikono yangu nikiwa na miaka minane?

Tulifika Malindi, mimi na mama, tukitokea Singida, kule Tanzania, na begi moja tu. Baba alikuwa amefariki miezi michache kabla, lori alilopanda lilipopinduka. Baada ya matanga, Baba Mkubwa, yaani kaka yake baba, alisema mbele ya watu kwamba mama angali kijana na yuko huru kurudi kwao, lakini mtoto ni wa ukoo, atabaki. Mama hakujibu kitu. Siku chache baadaye aliaga kuwa anakwenda kumsalimu dada yake Tanga. Tanga tulipita bila kushuka. Tukavuka mpaka wa Kenya pale Lunga Lunga, tukazidi kwenda, mpaka tukafika mji ambao rafiki yake wa zamani alikuwa amemtafutia kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni.

Kabla hatujashuka kwenye basi alinishika kidevu.

"Ukiulizwa mnatoka wapi?"

"Lunga Lunga."

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko Mombasa, anafanya kazi."

"Basi. Huongezi neno. Mtu yeyote anaweza kumpelekea habari Baba Mkubwa, na akijua tulipo atakuja kukuchukua. Umenielewa?"

Nilimwelewa kupita alivyotaka. Nilishuka kwenye ule mji nikiwa nimeshaamua kwamba kila mtu aliyemo ni mpelelezi, na mji wenyewe haukufanya lolote kunitoa wasiwasi.

Jambo la kwanza, ulikuwa mji wa watu wanaouliza. Kwetu ukimwamkia mtu mzima anakuitikia, mnapishana. Pale mtaa wa Muyeye, tulikopanga chumba, salamu haikuwa na mwisho. Nilitumwa chumvi dukani, hatua zisizozidi hamsini, na kabla sijafika nilikuwa nimeulizwa na watu watatu kama sijambo, mama hajambo, tumeamkaje, tumezoea, nyumbani kwaendaje, na baba yuaja lini. Waliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi. Niliona wazi kwamba wote wamepewa maswali yale yale na mtu mmoja, na kwamba jioni hukutana kulinganisha majibu.

Jambo la pili ni lugha. Siku ya tatu nilimwona mzungu mzee akipita kwa baiskeli, na watoto wa rika langu wakamwita, akasimama, wakaanza kuzungumza. Hakikuwa Kiswahili, wala hakikuwa kile Kiingereza tulichofundishwa shuleni. Muuza maembe akadakia kwa lugha ile ile, wote wakacheka. Kisha mmoja akanitazama. Nilikimbia hadi nyumbani. Ilipita miezi kabla sijajua kuwa kile ni Kiitaliano, na kwamba watu wa pale wamekiokota kwa wageni wanaofika kila mwaka. Mimi niliamini ni lugha ya siri ambayo mji mzima huigeukia mgeni akikaribia.

Halafu palikuwa na saa zile za mchana, ambapo maduka yalifungwa milango na njia zikabaki kwa kunguru na jua. Kwetu mchana ni wakati wa kazi. Nilikaa dirishani nikijiuliza wanafanya nini humo ndani, wote kwa pamoja, ambacho hawataki kionekane. Haikunijia kwamba wamelala.

Lakini niliyemshuku kuliko wote ni mwenye nyumba wetu, Bi Rukia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa taratibu na macho yaliyokuwa hayana taratibu hata kidogo. Alikaa chumba cha mbele, sisi cha nyuma, na katikati palikuwa na ua wenye kisima. Kila alfajiri mama alipokwenda kazini, Bi Rukia alinigongea na sahani ya mahamri na mbaazi za nazi, na kikombe cha chai. Mahamri niliyala, maana tamaa ilinishinda. Chai niliionja mara moja tu. Ilikuwa na chumvi.

Nilijua rangi ya chai, nilijua utamu wa chai, lakini chai ya chumvi sikuwa nimepata kuionja. Nikaimwaga polepole nyuma ya kisima, na kila asubuhi baada ya hapo nikafanya hivyo hivyo, halafu nikamrudishia kikombe kitupu na kumwambia asante. Jioni nilimwambia mama kwamba Bi Rukia ananiwekea kitu.

"Ni maji ya hapa," mama akasema. "Ya kisima yana chumvi. Hata ya kufulia ni hivyo hivyo, sabuni haitoi povu."

"Mbona yeye anayanywa hafi?"

Mama alikuwa amechoka, vidole vimemkunjana kwa maji. "Ameyazoea," akasema. Kisha akatazama mlango wa mbele, akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini ukiona huitaki, usinywe." Neno lile dogo lilinitosha. Nilijua kwamba naye hana uhakika.

Bi Rukia naye aliuliza kuliko wote. Aliuliza akipepeta mchele, akikuna nazi, akianika nguo.

"Wasoma darasa la ngapi, mwanangu?"

"La pili."

"Na huko Lunga Lunga, skuli yenu yaitwaje?"

Hilo mama hakunifundisha. Nikasema nimesahau. Bi Rukia aliendelea kukuna nazi, na sauti ya mbuzi ya nazi ikajaza ua wote. "Mtoto asahau skuli yake," akasema taratibu, kama anayejisemea. Siku nyingine alinituma nikamwitie tuktuk imkimbize hospitali kumwona nduguye, nami nikatoka njiani nikapiga kelele, "Bajaji, bajaji." Niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni na buibui lake, ananitazama.

Wiki zilipita hivyo. Nilikaa ndani mchana kutwa nikisikiliza watoto wenzangu wakirudi shule, na sikumwuliza mama kwa nini mimi siendi. Nilidhani ni sehemu ya kujificha kwetu. Mvua kubwa ikanyesha siku moja, maji yakaingia chumbani mpaka chini ya godoro, na kesho yake mama akaanika vitu vyetu uani. Miongoni mwavyo ilikuwapo kadi yangu ya kliniki, ya rangi ya samawati, imefungwa ndani ya nailoni. Ndiyo karatasi pekee iliyonihusu ambayo mama aliondoka nayo. Aliigeuza mara mbili juani, akaifuta kwa kanga, akairudisha chini ya godoro.

Siku chache baada ya hapo alikuja mtu aliyevaa shati jeupe la mikono mifupi, na daftari kwapani. Niliwaona kupitia ufa wa mlango, yeye na Bi Rukia, wamekaa mkekani. Baadaye nilimjua ni Mzee Kazungu, mzee wa mtaa, aliyekuwa akiandika majina ya wakazi na kusuluhisha ugomvi wa majirani. Siku ile nilichokiona ni daftari tu. Bi Rukia akaniita. Nilitoka, nikaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako ni nani?" Mzee Kazungu akauliza.

Nikamtajia.

"Na jina la baba?"

Nikamtazama Bi Rukia. "Yuko Mombasa, anafanya kazi."

"Nauliza jina lake."

"Yuko Mombasa," nikarudia.

Walitazamana. Bi Rukia akasema, "Mwache, Mzee, ni mtoto. Mama yake anayo kadi ya kliniki, niliiona akiianika. Humo kuna kila kitu, jina la baba, alikozaliwa na tarehe. Nitazungumza naye, kesho uje uitazame."

Kumbe alikuwa ametuchungulia. Kumbe alijua hata karatasi zetu zinakaa wapi. Na humo ndani kuna kila kitu, amesema mwenyewe. Kesho yule mtu ataisoma, ataandika katika daftari lake, na habari itafika Singida.

Nilirudi chumbani, nikainua godoro, nikaitoa kadi kwenye nailoni. Sikuifungua hata kuisoma. Niliichana vipande vidogo, vikawa vingi mpaka nikahitaji kuvibeba kwenye sketi, nikaenda chooni, nikavitumbukiza shimoni kimoja kimoja mpaka vikaisha. Nakumbuka nilivyotembea kurudi. Nilitembea kama mtu aliyeokoa familia yake.

Mama aliporudi jioni, Bi Rukia alimwita. Nilisikia sauti zao, halafu mama akaja chumbani haraka, akainua godoro. Akainua tena. Akakung'uta mashuka.

"Kadi iko wapi?"

"Hawataipata," nikasema. "Nimeichana. Nimeitupa chooni."

Nilingoja anisifu. Mama aliketi sakafuni taratibu, mgongo ukiegemea ukuta, mkono mmoja ungali umeshika ncha ya godoro.

"Muuguzi alikosea jina lako siku ya kuandika kadi," akasema, hakunitazama. "Baba yako akamwomba kalamu, akalikata, akaliandika upya mwenyewe. Alikuwa na mwandiko mbaya, akajikaza kuandika vizuri. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha mkono wake."

Sikujua. Nilikuwa nimeiona kadi ile mara nyingi, na siku zote nilidhani ni karatasi ya serikali. Mpaka leo najaribu kuliona jina langu kwa mwandiko ule na siwezi. Naikumbuka rangi ya jalada, naikumbuka nailoni. Herufi zenyewe sikuzitazama.

Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia bila kukaribishwa, akaketi kando ya mama palepale sakafuni, jambo ambalo kwa unene wake halikuwa rahisi. Mama akafunika uso, kisha akamweleza yote, Singida, lori, matanga, Baba Mkubwa. Alizungumza kwa haraka, kana kwamba akisita atajuta.

"Nilijua kwamba nyinyi si watu wa Lunga Lunga," Bi Rukia akasema alipomaliza. "Tangu siku ile mtoto alipoita tuktuk bajaji, kama waitavyo Tanzania."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nimeuliza kila siku, mwanangu. Mtoto nimemwuliza mpaka amenichukia. Nilitaka uniambie mwenyewe, nijue nitakusaidiaje. Mtoto wa miaka minane akaa ndani kutwa, asikia wenziwe waenda skuli. Huyo Mzee Kazungu nimemwita mimi, akamsemee kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akasema alete karatasi yoyote yenye jina lake."

Nilikuwa nimekaa juu ya godoro, nimewapa mgongo. Sikulia. Nilikuwa nikitafuta uongo ulio ndani ya maneno yale, kwa bidii, nikikosa nilitafuta tena.

Hapakuwa na njia nyingine ya kupata karatasi. Kliniki iliyonipima ilikuwa Singida, na mtu pekee wa kwenda kuuliza kitabu chao cha zamani alikuwa yule yule tuliyemkimbia. Mama alikataa kwa siku mbili. Siku ya tatu alikaa mkekani na Bi Rukia, simu mkononi, akapiga. Nilisikia sauti ya Baba Mkubwa ikitoka, nzito, ya mbali. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mko wapi?" Mama akamtazama Bi Rukia, naye akainamisha kichwa kukubali, basi akamwambia, kisha akamwomba atutafutie barua ya kliniki. Baba Mkubwa akasema, "Nitaileta mwenyewe."

Kwa siku tisa zilizofuata mama hakula vizuri. Mimi nilitafuta mahali pa kujificha, nikaona ni nyuma ya mapipa ya maji tu.

Alifika asubuhi, na vumbi la safari mabegani. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na alifanana na baba kwenye masikio. Hilo sikuwa nimeliona kabla. Bi Rukia alimpokea kwa maswali yake yote: safari ilikuwaje, kwao wazima, mvua imenyesha, alizeti zimekubali, mzee wao mguu umepona. Alikuwa ameyakusanya kwa mama. Baba Mkubwa aliyekuja amekunja uso alijikuta akijibu moja moja, na kila jibu likamlegeza mabega. Mzee Kazungu alikaa pembeni, bila daftari safari hii.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa marehemu," Baba Mkubwa akasema mwishowe. Alikuwa na bahasha ya khaki juu ya magoti, ameifunika kwa viganja vyote viwili. "Sikuja kugombana. Lakini mtu haondoki na mtoto wa watu kama anaiba kuku."

"Mtoto wa watu ni wangu," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimjibu.

"Barua ya kliniki umekuja nayo?" Bi Rukia akauliza.

"Ninayo."

"Basi tushukuru. Hapo kwanza."

Walizungumza mpaka jua likafika katikati ya ua. Mama alisema atakapopata likizo atanipeleka kuwaona wazee. Baba Mkubwa alisema maneno ni rahisi. Mzee Kazungu alisema kwamba mtoto aulizwe. Wote wakanigeukia. Sikutaka kujibu, maana niliamini jibu lolote litatumika dhidi ya mama. Ila nilitaka kujua jambo moja.

"Ukinichukua," nikamwuliza Baba Mkubwa, "na mama atakuja?"

Alinitazama, kisha akaitazama bahasha. Aliinuka nusu, akamnyooshea mama ile bahasha kwa mikono miwili. "Mwandikishe shule," akasema.

Sikuamini. Nilidhani kuna jambo linalokuja nyuma yake. Na kweli, kesho yake alipokuwa akiondoka aliomba nimsindikize mpaka stendi. Mama alisita. Bi Rukia akasema atakwenda nasi, akavaa buibui lake, akatufuata nyuma kwa hatua chache.

Baba Mkubwa alinishika mkono njia nzima. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kama cha mtu anayelima, na nilihisi kila kidole. Tulifika basi likiwa limeshawashwa injini, utingo anaita majina ya vituo. Akapanda ngazi ya kwanza, mkono wangu ungali ndani ya wake, nami nikajikuta nimevutwa mpaka mguu wangu ukagusa chuma cha mlango. Sijui kilipita kitambo gani. Nilimtazama usoni nikaona midomo yake inataka kusema kitu. Nikavuta mkono kwa nguvu zangu zote, na ukachomoka kirahisi, kana kwamba hakuwa ameushika kabisa. Nikakimbia nikajificha nyuma ya buibui la Bi Rukia, nikaficha uso humo mpaka niliposikia basi likiondoka.

Niliingia darasa la pili muhula uliofuata. Safari ya kuwaona wazee iliahirishwa mwaka hadi mwaka, mpaka tukaletewa habari kwamba Baba Mkubwa amefariki. Nilishakuwa msichana mkubwa wakati huo. Nilimwuliza Bi Rukia kwa mara ya kwanza alichokiona siku ile stendi, yeye aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma yetu: yule mtu alikuwa akinivuta, au alikuwa akiniaga?

Bi Rukia alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili kumtuliza mtu.

"Sikuweza kujua," akasema. "Nilimwona tu basi lilipogeuka. Alikuwa angali amesimama mlangoni, mkono ameuacha vilevile, wazi."